Mei 14 Katika Visiwa vya Fiji: Askari ni wa Taifa au ni wa Kabila Lake?

Saa nne ya asubuhi, siku ya Alhamisi, Mei 14, 1987, Bunge la Fiji lilikuwa katika kikao chake mjini Suva. Serikali mpya, iliyoingia madarakani kwa kura za wananchi, ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu. Ghafla waliingia ukumbini askari kumi waliofunika nyuso zao, bunduki mikononi. Kutoka katika viti vya wageni aliinuka ofisa mmoja aliyevaa nguo za kiraia. Huyu alikuwa Luteni Kanali Sitiveni Rabuka, mtu wa tatu kwa cheo katika jeshi la nchi hiyo. Waziri Mkuu, Daktari Timoci Bavadra, pamoja na wabunge wa upande wake, walitolewa nje, wakapakiwa katika malori ya jeshi na kupelekwa kambini. Hapana risasi iliyolia, wala hapana aliyeuawa. Hata hivyo, asubuhi hiyo Fiji ilipata jeraha ambalo kovu lake laonekana mpaka leo.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa lawahusu wao kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote. Wanasiasa wa Fiji walikuwa wamegombana kwa maneno miaka mingi, na maneno hayo peke yake hayakuiangusha nchi. Nchi ilianguka siku askari alipoamini kuwa yeye ni askari wa jamii yake kwanza, na wa taifa baadaye. Fiji i mbali nasi, huko katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia na kaskazini ya New Zealand. Lakini ugonjwa ulioipata hauna mipaka, na mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenzake asingoje kuumia mwenyewe.

NCHI MOJA, WATU WA ASILI MBALIMBALI

Fiji ni nchi ya visiwa zaidi ya 300, na vilivyo vikubwa kuliko vyote ni viwili, Viti Levu na Vanua Levu. Hesabu ya watu ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa wakazi wake ni 884,887. Wenyeji wa asili hujiita iTaukei, maana yake wenye nchi, na wengi wao ni Wakristo wa madhehebu ya Methodisti. Pamoja nao wamo wazao wa Wahindi, ambao wengi ni Wahindu na baadhi yao ni Waislamu. Wapo pia watu wa kisiwa cha Rotuma, Wazungu, Wachina na machotara. Watu hawa wote wamezaliwa hapo, na wengi wao hawana kwao kwingine.

Ilikuwaje Wahindi wakafika katika visiwa hivyo vya mbali? Mnamo Oktoba 10, 1874, machifu wa Fiji waliitia nchi yao mikononi mwa Uingereza. Mwaka uliofuata ugonjwa wa surua, ulioletwa na meli, uliwaua watu wanaokisiwa kuwa 40,000. Gavana Sir Arthur Gordon alipoona wenyeji wanapukutika, aliweka amri kwamba ardhi yao isiuzwe, na kwamba wakae vijijini mwao chini ya machifu wao badala ya kuhamishiwa katika mashamba ya Wazungu. Lakini serikali ya kikoloni ilihitaji fedha, na fedha ilikuwa katika miwa. Basi nani angekata miwa? Jibu la mkoloni lilikuwa Bara Hindi.

Mei 14, 1879, meli iitwayo Leonidas ilitia nanga Levuka ikiwa na vibarua zaidi ya 450. Kutoka siku hiyo hadi mwaka 1916, watu wapatao 60,000 waliletwa kwa mkataba wa miaka mitano. Neno la Kiingereza la mkataba lilikuwa gumu katika ndimi zao, wakalitamka “girmit”, na wazao wao huitwa watu wa girmit mpaka hivi leo. Walilala katika mabanda ya mistari, walipimiwa kazi kwa siku, na aliyeshindwa kuimaliza alikatwa ujira au kushitakiwa. Huo ndio utaratibu ule ule wa mikataba uliowaleta Afrika Mashariki vibarua wa Kihindi walioijenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Mikataba ya Fiji ilifutwa kabisa mwaka 1920. Wengi wa waliokuja hawakurudi. Walikodi mashamba, wakalima miwa, wakazaa na kuzika hapo.

MADAFTARI MATATU YA WAPIGA KURA

Mkoloni alikuwa amepata alichokitaka: mwenyeji yuko kijijini, Mhindi yuko katika miwa, na Mzungu yuko katika ofisi na benki. Hawa hawakusoma shule moja, hawakuabudu mahali pamoja, na hawakuoana. Lakini kutengana kwa namna hiyo bado kungaliweza kupunguzwa na wakati. Kilichokuja kuufanya utengano uwe wa kudumu ni siasa ya kuwahesabu watu kwa asili zao.

Mwaka 1929 Wahindi walipata kwa mara ya kwanza haki ya kuchagua wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini katika daftari lao peke yao. Wajumbe wao watatu walidai daftari moja kwa raia wote. Hoja yao ilikataliwa, nao wakatoka nje ya Baraza. Wenyeji wenyewe hawakupata kura mpaka mwaka 1963, nao pia walitiwa katika daftari lao. Fiji ilipopata uhuru Oktoba 10, 1970, katiba yake iliurithi mpango huo. Bunge la viti 52 liligawanywa: viti 22 kwa wenyeji, 22 kwa Wahindi, na 8 kwa wengineo.

Tuutazame mpango huo kwa makini, maana ndani yake ndimo mlimokaa nyoka. Mgombea anayepigiwa kura na watu wa asili yake tu hana haja ya kumpendeza jirani wa asili nyingine. Haja yake ni moja, kuwatisha watu wake ili wasimwache. Basi kila uchaguzi hugeuka kuwa hesabu ya watu, na kila mtoto anayezaliwa huonekana kuwa kura ya adui au ya rafiki. Katika Fiji hesabu hiyo ilikuwa kali, kwa sababu tangu mwaka 1946 Wahindi walikuwa wamewazidi wenyeji kwa idadi. Mwenyeji aliogopa kuwa mgeni katika nchi ya babu zake. Mhindi aliogopa kufukuzwa katika nchi pekee aliyoijua. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli mioyoni mwa watu, na wanasiasa wa pande zote mbili walizipalilia kama mtu apaliliavyo shamba lake.

JESHI LA UPANDE MMOJA

Askari wa Fiji ni mtu shujaa, na hilo halina ubishi. Katika Vita Kuu ya Pili alipigana na Wajapani katika misitu ya visiwa vya Solomon. Mnamo Juni 23, 1944, katika kisiwa cha Bougainville, Koplo Sefanaia Sukanaivalu aliwaokoa wenzake wawili waliojeruhiwa, kisha akapigwa risasi alipokuwa akijaribu kumwokoa mwingine. Alipoona kuwa wenzake wataendelea kufa kwa kujaribu kumwokoa, alijiinua mbele ya bunduki za adui ili wasiwe na sababu ya kumfuata. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1956 kikosi cha Fiji kilipigana Malaya, na kuanzia mwaka 1978 askari wake walitumika kama walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Lebanon. Kwa nchi ndogo namna hiyo, hilo ni jina kubwa.

Lakini jeshi hilo lilikuwa na kasoro moja. Askari wake karibu wote walikuwa wenyeji. Wakati wa vita Wahindi waliojiunga walikuwa wachache, kwani viongozi wao walidai kwanza malipo sawa na ya askari Mzungu, na mkoloni alikataa. Dai hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo wenyeji wengi walilikumbuka kama woga na ukosefu wa utii, na baada ya uhuru hakuna aliyefanya juhudi ya kutosha kuliziba pengo hilo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jeshi lilibaki la jamii moja, lenye lugha moja, ibada moja na heshima kwa machifu wale wale. Polisi walikuwa afadhali, kwa kuwa ndani yake wenyeji na Wahindi walitumikia pamoja, lakini wao hawakuwa na silaha za kulizuia jeshi.

HOFU YA ARDHI

Aprili 1987 chama cha Labour, kilichoanzishwa mwaka 1985, kiliungana na chama cha National Federation, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wahindi. Muungano huo ulipata viti 28 kati ya 52, ukamwondoa Ratu Sir Kamisese Mara, ambaye alikuwa ameiongoza nchi tangu uhuru. Waziri Mkuu mpya, Daktari Bavadra, hakuwa Mhindi. Alikuwa mwenyeji halisi, mganga aliyesomea tiba. Chama chake kilizungumza habari za mishahara, matibabu na nauli, si habari za asili ya mtu. Pengine hilo ndilo lililowatisha zaidi wale waliokuwa wakila kwa mkono wa ukabila.

Maandamano yalianza. Watu waliambiwa kuwa ardhi itachukuliwa na Wahindi. Je, maneno hayo yalikuwa kweli? Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Fiji ilikuwa mali ya koo za wenyeji, na haikuweza kuuzwa. Mkulima wa miwa alikodi tu, na mkataba wake ukiisha hurudisha. Zaidi ya hayo, katika Seneti walikuwamo wajumbe 8 wa Baraza Kuu la Machifu, na sheria ya ardhi haikuweza kubadilishwa pasipo kura za wajumbe 6 kati ya hao. Hata kama serikali mpya ingetaka kuichukua ardhi, haikuwa na njia. Ngome ya mwenyeji ilikuwa imara, imejengwa ndani ya katiba yenyewe. Askari waliokwenda kuilinda kwa bunduki ndio walioivunja, maana katiba hiyo ilitupwa baada ya mapinduzi yao.

Tunastaajabu zaidi tukikumbuka kuwa Rabuka mwenyewe alikuwa ametumikia katika majeshi ya kulinda amani huko Lebanon na katika jangwa la Sinai. Huko Lebanon ofisa wa Fiji alisimama kati ya watu waliogawanyika kwa madhehebu, akawaona wakiuana. Aliyaona magofu ya nyumba za wenzake, kisha akarudi kwao na kuwasha kiberiti.

MATUNDA YA MAPINDUZI

Septemba 25, 1987, Rabuka alifanya mapinduzi ya pili, kwa kuwa mazungumzo ya kuunda serikali ya pamoja yalikuwa yamekaribia kufaulu. Oktoba nchi ikatangazwa kuwa jamhuri, ikapoteza nafasi yake katika Jumuiya ya Madola. Thamani ya fedha ilipunguzwa mara mbili mwaka huo. Katiba mpya ya mwaka 1990 iliweka viti 37 kwa wenyeji na 27 kwa Wahindi, na kwamba Waziri Mkuu lazima awe mwenyeji. Mtu aliyezaliwa Fiji, na ambaye baba na babu yake walizaliwa Fiji, alielezwa na sheria ya nchi yake kuwa hawezi kuiongoza.

Matokeo yake hayakukawia. Wahindi walianza kuondoka, maelfu kwa maelfu, kwenda Australia, New Zealand, Kanada na Marekani. Walioondoka kwanza walikuwa wale wenye elimu, yaani madaktari, walimu, wahasibu na mafundi. Hospitali iliyompoteza daktari haikumuuliza mgonjwa aliyebaki kama yeye ni Mhindi au mwenyeji. Mama mwenyeji aliyengoja kwenye foleni aliumia kama mwenziwe.

Baada ya miaka kadhaa Rabuka mwenyewe, akiwa sasa Waziri Mkuu wa kiraia, alitambua kuwa njia hiyo haina mwisho mwema. Alikaa pamoja na Jai Ram Reddy, kiongozi wa Wahindi, wakapatana juu ya katiba ya mwaka 1997, iliyofungua viti 25 kati ya 71 kwa wagombea wa asili yoyote na kuondoa kizuizi cha Uwaziri Mkuu. Mwaka huo Reddy alilihutubia Baraza Kuu la Machifu, jambo ambalo hakuna kiongozi wa Kihindi aliyewahi kulifanya. Lakini viti vingine 46 vilibaki katika madaftari ya asili, na katika uchaguzi wa mwaka 1999 wapiga kura waliwaadhibu wote wawili. Chama cha Reddy hakikupata hata kiti kimoja. Tabia iliyopandwa kwa miaka 70 haikung'olewa kwa sahihi mbili.

BUNDUKI YAGEUKA

Uchaguzi huo wa mwaka 1999 ulimleta Mahendra Chaudhry, Mhindi wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Fiji. Mwaka mmoja tu baadaye, Mei 19, 2000, mfanyabiashara George Speight aliingia Bungeni pamoja na watu wenye silaha na kumshika yeye na mawaziri wake. Mateka walikaa siku 56. Maduka ya Wahindi mjini Suva yaliporwa na kuchomwa. Wakulima wa Muaniweni walivamiwa majumbani mwao, wakakimbilia Lautoka na kukaa kama wakimbizi katika nchi yao wenyewe, ndani ya jengo lililojengwa kwa kumbukumbu ya babu zao wa girmit. Usiku wa Mei 28 askari polisi mmoja aliuawa kwa risasi alipokuwa kazini. Alikuwa mwenyeji, na waliomuua walidai kuwa wanawapigania wenyeji.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wa jeshi wasome polepole. Watu wenye silaha waliomsaidia Speight hawakutoka mbali. Walikuwamo askari wa kikosi maalumu cha jeshi lenyewe, kikosi kilichoundwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1987. Askari hao walikuwa wamefundishwa kuwa jamii iko juu ya katiba. Somo hilo walilishika vema, na walilitumia hata pale jeshi lilipowaamuru vinginevyo.

Novemba 2, 2000, baadhi ya askari wa kikosi hicho waliasi ndani ya kambi ya Queen Elizabeth, makao makuu ya jeshi mjini Suva. Walitaka kumuua Kamanda wao, Frank Bainimarama, ambaye aliponea chupuchupu kwa kukimbizwa na walinzi wake nje ya kambi. Askari watatu watiifu waliuawa. Waasi watano walikufa pia, na ilielezwa kuwa wengi wao walipigwa hadi kufa baada ya kukamatwa. Hao wanane wote walikuwa askari wa Fiji, wote walikuwa wenyeji, wote walisali katika lugha moja. Hapakuwa na Mhindi hata mmoja katika mapigano hayo.

Huo ndio mwisho wa safari ya ukabila. Huanza kwa kumwondoa mgeni. Akisha kuondoka au kunyamaza, hutafuta mgeni mwingine, na humpata ndani ya nyumba: mtu wa mkoa mwingine, wa chifu mwingine, wa kikosi kingine. Moto hauchagui kuni.

JINA MOJA KWA WOTE

Desemba 5, 2006, Kamanda Bainimarama naye alifanya mapinduzi. Safari hii aliiondoa serikali ya wenyeji, akidai kuwa imejaa rushwa na kwamba inaandaa sheria ya kuwasamehe wahalifu wa mwaka 2000. Hatutampamba. Alisema anapiga vita ubaguzi, lakini alitumia bunduki ile ile. Mwaka 2009 katiba ilifutwa, magazeti yakachunguzwa kabla ya kuchapishwa, na mwaka 2012 Baraza Kuu la Machifu likavunjwa pasipo ridhaa ya wenyewe. Watu wengi waliumia.

Hata hivyo yapo mambo mawili ya wakati huo ambayo hatuna budi kuyataja. La kwanza ni jina. Tangu zamani neno Mfiji lilikuwa la wenyeji peke yao. Mwingine yeyote aliitwa Mhindi au mtu wa jamii nyingine, hata akiwa na pasi ya Fiji mfukoni. Mwaka 2010 serikali iliamua kuwa raia wote waitwe Wafiji, na wenyeji wa asili waitwe iTaukei. La pili ni katiba ya mwaka 2013, iliyoyafuta madaftari ya asili. Septemba 2014, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, raia wote walipiga kura katika daftari moja.

Yapo manung'uniko mpaka leo. Baadhi ya wenyeji husema kuwa jina lao lilichukuliwa pasipo kuulizwa, na malalamiko hayo yana uzito, kwa maana jina la taifa halitoki katika amri peke yake. Lakini mtoto wa mkata miwa anayejaza fomu shuleni sasa anaandika Mfiji, na halazimiki kueleza kuwa babu yake alishuka katika meli gani. Mwaka 2016 Fiji ilipopata medali ya dhahabu katika raga ya wachezaji saba kwenye michezo ya Olimpiki ya Rio, medali ya kwanza katika historia yake, serikali ilichapisha noti ya dola 7 kuwa kumbukumbu. Noti hiyo hupokelewa sawasawa katika duka la Mhindi na katika soko la kijijini.

KAMANDA ALIYEKATAA

Tumefika mahali ambapo twaona somo kubwa kuliko yote. Katiba ya mwaka 2013, katika kifungu cha 131, inalipa jeshi wajibu wa kuangalia usalama, ulinzi na ustawi wa Fiji na wa Wafiji wote. Maneno haya yaweza kusomwa kwa namna mbili. Mwenye tamaa aweza kuyasoma kuwa jeshi ni mwamuzi wa serikali. Mwenye kiapo huliona neno lile la mwisho, “wote”, na kuelewa kuwa hawezi kuinua silaha kwa ajili ya baadhi.

Desemba 14, 2022 ulifanyika uchaguzi. Wagombea wakubwa walikuwa wawili, Bainimarama na Rabuka, na wote wawili walikuwa wamewahi kuipindua serikali. Wakati wa kuhesabu kura kulitokea hitilafu katika kutangaza matokeo ya awali, na Rabuka alitaka jeshi liingilie kati. Kamanda wa jeshi, Meja Jenerali Jone Kalouniwai, alikataa. Hata kabla ya uchaguzi alikuwa amewaagiza askari wake wayaheshimu matokeo, na akabaki katika neno lake. Kura zikahesabiwa hadi mwisho. Vyama vya upinzani vikaungana, na Desemba 24 Bunge likamchagua Rabuka kuwa Waziri Mkuu kwa kura 28 dhidi ya 27. Tofauti ilikuwa ya kura moja tu, katika nchi yenye historia kama hiyo! Bainimarama akaondoka ofisini, na askari wakabaki kambini.

Tuyatafakari hayo. Mtu yule yule aliyeingia Bungeni na bunduki mwaka 1987 aliingia tena miaka 35 baadaye kwa kura, kwa sababu askari mmoja mwenye cheo alikataa kumfanyia kile ambacho yeye mwenyewe aliwahi kukifanya. Kama Kamanda angekubali kuingilia, Fiji ingeandika mapinduzi mengine, na huenda ushindi huo wa halali usingepatikana kamwe.

Mei 14, 2023 ilikuwa miaka 144 tangu meli ya Leonidas kutia nanga, na miaka 36 tangu asubuhi ile ya Bungeni. Siku hiyo, katika ibada ya upatanisho iliyofanyika Suva, Rabuka alisimama mbele ya hadhara akaomba radhi kwa ajili ya mapinduzi ya mwaka 1987, kwa niaba yake na ya wale walioshiriki naye. Serikali yake pia iliifanya siku ya girmit kuwa sikukuu ya taifa, na mwaka huo huo Baraza Kuu la Machifu likarudishwa. Hatusemi kuwa kwa radhi hiyo kila kitu kimekwisha. Waliohama hawakurudi, hesabu ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa Wahindi wamebaki asilimia 37 hivi, hali mwaka 1986 walikuwa karibu nusu ya wananchi. George Speight naye alisamehewa na kuachiwa Septemba 2024, na wapo waliokubali na wapo waliouma meno. Lakini mfinyanzi aliyekuwa akila katika gae amekiri kuwa chungu alikivunja yeye. Huo ni mwanzo.

NENO LETU KWA WALIOVAA SARE

Ndugu askari, na ndugu polisi, kila mmoja wetu ana kabila lake, na hapana ubaya. Mama aliyetuzaa alituimbia kwa lugha yake, na lugha hiyo hatutaiacha. Askari wa Fiji hakukosea kwa kuwa mwenyeji. Alikosea alipoamini kuwa sare aliyopewa na wananchi wote, na iliyonunuliwa kwa kodi ya mkata miwa na ya mvuvi pia, ni mali ya ukoo wake.

Wanasiasa watakuja siku moja, kama walivyokwenda kwa askari wa Fiji, nao watasema kwa sauti ya upole kuwa ardhi ya babu yako i hatarini na kwamba wewe ndiwe mwokozi. Hapo yapasa kuuliza maswali mawili. Kwanza, je, ni kweli, au sheria tayari imeilinda ardhi hiyo, kama ilivyoilinda ile ya Fiji? Pili, je, bunduki hii nikiielekeza leo kwa jirani wa asili nyingine, kesho itaelekea wapi? Wale askari wanane wa kambi ya Queen Elizabeth walikwisha kulijibu swali la pili.

Koplo Sukanaivalu alijiinua mbele ya risasi ili wenzake wasife. Katika historia yote ya Fiji hatuoni sare iliyovaliwa vema kuliko hiyo.